Ndigana Ziko Mbili: Kazi ya Kiswahili kabla ya Mkutano wa Madaktari wa Mifugo

Kila mwaka Chama cha Madaktari wa Mifugo Tanzania hufanya mkutano wake wa kisayansi, na mara nyingi umefanyika Arusha mwezi wa Desemba. Madaktari wa Kenya nao wana wao, unaoambatana na Siku ya Madaktari wa Mifugo Duniani, ambayo huangukia Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Katika mikutano ya namna hii mtu hupewa dakika chache za kuzungumza jukwaani, au hupewa nafasi ukutani atundike bango lenye matokeo ya utafiti wake, kisha asimame pembeni awajibu wanaopita. Mabango huandikwa kwa Kiingereza.

Mwaka huu marafiki watano wa chama chetu wanajiandaa kwenda Arusha. Wote ni watoto wa Afrika Mashariki wanaosoma Onderstepoort, kaskazini mwa Pretoria, kwenye kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Pretoria. Hicho ndicho kitivo pekee cha fani hiyo katika Afrika Kusini nzima. Kila mmoja ana bango lake. Wa kwanza anashughulika na kupe wa ng'ombe, wa pili na kichaa cha mbwa, wa tatu na mabaki ya dawa kwenye maziwa, wa nne na kuku wa kienyeji, wa tano na homa ya Bonde la Ufa kwa nyati. Walikuja kwetu na ombi moja: tuwasaidie kuandika, kwa kila bango, karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili.

Tuliuliza karatasi hizo ni za nani, maana madaktari wote watakaokuwa ukumbini wanasoma Kiingereza. Jibu la yule dada wa kupe ndilo lililotufanya tukubali siku ileile. Utafiti wake ulihitaji damu ya ng'ombe. Alipita kwenye maboma pamoja na afisa mifugo, wafugaji wakamshikia wanyama wao, akachukua damu na kuitia kwenye vichupa. Kila boma alilopita aliulizwa swali lilelile kabla hajaondoka: "Majibu tutayapata lini?" Akaahidi kuyarudisha. Sasa majibu yapo, yameandikwa kwenye bango, na hakuna hata mmoja kati ya wafugaji wale atakayelisoma.

"Ng'ombe ni wao," alituambia. "Mimi nimeazima damu tu."

Kwa nini Fordsburg

Tunakutana Fordsburg, Jumamosi alasiri. Wa Pretoria hupanda Gautrain hadi Park Station, kisha huchukua teksi; wa Johannesburg wengine huja kwa miguu kupitia Newtown. Hatuna ofisi. Tuna meza ya nyuma kwenye mgahawa mmoja karibu na Mint Road, ambako mwenye nyumba hatufukuzi ilimradi chai iendelee kuagizwa.

Wengi mnaijua Fordsburg kwa maduka ya vitambaa na viungo, na kwa Oriental Plaza, iliyojengwa miaka ya 1970 baada ya wafanyabiashara wa Kihindi kuondolewa Pageview kwa sheria za ubaguzi wa rangi. Leo mtaa huu na jirani yake Mayfair umejaa lugha nyingine pia. Kwenye barabara moja utasikia Kiurdu, Kibengali, Kisomali na Kiarabu, na katikati yake Kiswahili cha kila namna: cha Mtanzania, cha Mkenya, cha Mkongo, na cha Msomali aliyekulia Kenya kabla ya kushuka kusini.

Hilo la mwisho ndilo tulilolifuata. Kiswahili chetu sisi wa chama ni cha nyumbani. Tunajua kusalimia, kupika, kuombea chakula na kugombezwa. Lakini maneno kama kiwele, mtamba, kucheua na kondo la nyuma hayasemwi mezani kwenye fleti ya ghorofa ya nne. Watu wanaoyajua wako Fordsburg, nyuma ya meza za kuuzia simu na ndani ya mabucha, na wengi wao walichunga ng'ombe au mbuzi kabla hawajafika huku.

Wataalamu watano, lugha tano

Kabla ya kazi hii tuliwachukulia madaktari wa mifugo kuwa watu wa aina moja. Jumamosi ya kwanza ilitosha kutuonyesha kwamba sivyo. Mtaalamu wa virusi, mtaalamu wa vimelea, mtaalamu wa kuku, mtaalamu wa wanyamapori na mtaalamu wa usalama wa chakula wamesoma darasa moja miaka ya mwanzo, kisha kila mmoja ameingia chumba chake na kufunga mlango. Walipokuwa wakielezana mabango yao, kwa Kiingereza, walikuwa wakisimamishana kila baada ya sentensi mbili.

Ubishi wa kwanza ulikuwa juu ya jina la kazi yenyewe. Watanzania na Wakenya walisema "daktari wa mifugo". Kaka wa nyati akakataa, kwa sababu nyati hafugwi na mtu. Alitaka "daktari wa wanyama". Mwenzetu mmoja ambaye wazazi wake wanatoka Bukavu akasema kwao ni "munganga wa nyama", na meza nzima ikacheka. Kwa Kiswahili cha Kongo nyama ni mnyama pia. Kwa Mtanzania huyo ni mganga anayetibu kitoweo, au pengine yule mkaguzi anayepiga mihuri machinjioni. Tulikubaliana kwamba kwenye karatasi zote, isipokuwa ya nyati, litumike "daktari wa mifugo", kwa kuwa ndilo jina ambalo mfugaji atalitafuta akihitaji msaada.

Ubishi wa pili ulikuwa mzito zaidi, nao ulihusu neno "vimelea". Watu wa afya Tanzania husema "usugu wa vimelea dhidi ya dawa" wakimaanisha bakteria na vijidudu vingine ambavyo dawa haziviui tena. Kwa dada wa kupe, vimelea ni minyoo, kupe wenyewe, na vile vijidudu vinavyoishi ndani ya chembe za damu, na bakteria hawamo. Kaka wa maziwa hakutaka kuliacha neno ambalo wizara na maafisa wamekwisha kulizoea. Mwishoni kila mmoja alitumia neno lake, lakini akalieleza palepale kwa maneno ya kawaida: "vijidudu vya ugonjwa huu huishi ndani ya damu", "vijidudu vinavyozoea dawa mpaka dawa haifanyi kazi".

Kulikuwa na faida ambayo hatukuitazamia. Karatasi ya maziwa inasema kwamba ng'ombe akidungwa antibiotiki kwa ajili ya ugonjwa wa kiwele, maziwa yake yasinywe wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zipite. Kaka wa nyati alikuwa ameliona bango la Kiingereza zaidi ya mara moja bila kuuliza chochote. Aliposoma karatasi ya Kiswahili akauliza, "Na ndama je? Yeye anaendelea kunyonya?" Ni swali zuri, kwa sababu maziwa yenye mabaki ya dawa, akipewa ndama, yanaweza kuwazoesha dawa vijidudu vilivyomo tumboni mwake. Kaka wa maziwa aliongeza sentensi moja juu ya ndama, na siku iliyofuata akaiongeza kwenye bango pia.

Homa iliyosafiri kwa meli

Katika mabango yote, la kupe ndilo linalotuhusu zaidi sisi tunaoishi Johannesburg, kwa sababu ugonjwa wake uliwahi kuja huku kutoka kwetu. Wazungu waliuita homa ya Pwani ya Mashariki. Pwani wanayoitaja ni ya Afrika Mashariki.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 sotoka iliingia barani kupitia Eritrea, ikashuka Afrika Mashariki, na mwaka 1896 ikavuka Limpopo. Sehemu nyingi iliua karibu ng'ombe 9 kati ya 10. Kisha vikaja vita vya Waingereza na Makaburu, kuanzia 1899 hadi 1902, vikamaliza waliobaki. Ikabidi ng'ombe waagizwe kutoka kwingine. Mwaka 1901 wengine waliletwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi bandari ya Beira, Msumbiji, wakapelekwa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Ugonjwa ulikuja nao. Mwaka 1902 ulikuwa umefika Transvaal, jimbo lililokuwa na Pretoria na Johannesburg.

Mjerumani Robert Koch aliitwa Bulawayo mwaka 1903 kuuchunguza. Vijidudu vyake alikwisha kuviona Dar es Salaam mwaka 1897, ingawa wakati huo alivihesabu kuwa vya ugonjwa mwingine. Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya Cape, alithibitisha kwamba unaenezwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa sikioni. Naye Arnold Theiler, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa Pretoria, alivitenganisha vijidudu hivyo na vya magonjwa yanayofanana, na ndiyo sababu kwa jina la kisayansi vinaitwa Theileria parva. Theiler huyo ndiye aliyeanzisha maabara ya Onderstepoort mwaka 1908, na kitivo kilipofunguliwa mwaka 1920 akawa mkuu wake wa kwanza. Binti yake Gertrud alikuja kuwa bingwa wa kupe wa Afrika. Mwanawe Max alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1951 kwa chanjo ya homa ya manjano.

Afrika Kusini iliutokomeza ugonjwa huu miaka ya 1950, baada ya nusu karne ya majosho, uzio, kuchinja na kuzuia ng'ombe wasihame. Haikuwa kazi ya amani. Mwaka 1914 huko East Griqualand wakulima Waafrika waliyaharibu majosho. Josho lilikuwa na faida, kwa kuwa linaua kupe. Lakini watu walilipishwa kwa lazima na kuamriwa kuwaswaga ng'ombe wao hadi joshoni mara kwa mara, kwa amri zilizotoka kwa serikali ambayo haikuwa yao. Tuliposoma habari hiyo tulilikumbuka swali la maboma: "Majibu tutayapata lini?" Mtu anayeombwa kumleta mnyama wake ana haki ya kuambiwa sababu, na ana haki ya kurudishiwa alichotoa.

Afrika Mashariki ugonjwa huo haujaondoka. Chanjo yake ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, miaka ya 1970. Ni chanjo ya pekee: ng'ombe hudungwa vijidudu hai vya ugonjwa pamoja na oksitetrasaiklini, dawa inayouzuia ugonjwa usimzidi nguvu, na mwili wake hujifunza kujikinga. Lazima ihifadhiwe kwenye naitrojeni ya maji yenye baridi kali, kwa hiyo kuifikisha bomani ni kazi. Hata hivyo wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania wameipokea vizuri, na ng'ombe aliyechanjwa huvishwa hereni sikioni, hata mnunuzi mnadani anaweza kuitazama.

Ndigana ipi?

Wafugaji wa Tanzania hawasemi homa ya Pwani ya Mashariki. Wanasema ndigana. Kabla hatujaandika neno lolote kwenye karatasi ya kupe, tulimfuata mzee mmoja aliyekulia Kondoa, ambaye sasa anauza vifuniko vya simu hatua chache kutoka mgahawani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnataka kifuniko?"

"Hapana mzee, tunataka utueleze ndigana."

Akacheka. "Ndigana ipi? Ndigana ziko mbili."

Alisogeza kiti, akatueleza kwa vidole. Ndigana kali, alisema, inakuja kwa kasi. Ng'ombe anapata homa, anaacha kula, anavimba mitoki chini ya sikio na mbele ya bega, macho yanatoa machozi, na mwishoni anapumua kwa shida na povu linamtoka puani. Ndama ndio wanaokufa zaidi. Ndigana baridi inakwenda taratibu. Ng'ombe anakonda, anapata choo kigumu, ufizi na ndani ya kope panakuwa peupe au pa manjano kwa kupungukiwa damu.

Dada wa kupe alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno, kwa sababu mzee alikuwa akisoma kitabu chake bila kukifungua. Ndigana kali ndiyo ya Theileria, ambayo huingia kwenye chembe nyeupe za damu na kuvimbisha tezi. Ndigana baridi inaletwa na bakteria anayeishi kwenye chembe nyekundu, na huenezwa na kupe wa aina nyingine, na nzi wanaouma, na hata sindano moja ikitumika kwa ng'ombe wengi. Dawa zake ni tofauti. Kali hutibiwa kwa buparvakwoni, ambayo ni ghali. Baridi hutibiwa kwa oksitetrasaiklini au imidokabu.

"Sasa mtu akiandika ndigana tu," mzee alisema, "mwenye ng'ombe atakwenda dukani aseme nipe dawa ya ndigana. Atauziwa iliyopo. Pesa imekwenda, na ng'ombe anakufa."

Hapo ndipo tulipoelewa uzito wa kazi tuliyoipokea. Tafsiri ya hadithi ikiwa dhaifu, msomaji atachoka aifunge. Karatasi hizi zinasomwa na mtu mwenye ng'ombe mgonjwa na fedha ya dawa moja tu. Neno "kali" lina herufi nne, nalo ndilo linaloamua fedha hiyo iende wapi. Limeandikwa sasa kwenye kichwa cha karatasi kwa herufi kubwa, na chini yake ipo sehemu fupi inayoeleza jinsi ya kuitofautisha na ile ya baridi.

Majina yanayoelekeza kwingine

Jina la ndigana lilitusaidia. Yapo majina mengine ambayo yanaweza kumpoteza msomaji, na mawili kati yake yamo kwenye mabango yetu.

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Jina linamtaja mbwa, na ni kweli kwamba kwa binadamu karibu wote hatari hutoka kwa mbwa. Lakini ugonjwa unaweza kumpata mnyama yeyote anayenyonyesha: paka, mbweha, punda, ng'ombe. Mwaka 2024 hapa Afrika Kusini ulithibitishwa hata kwa sili wa baharini katika pwani ya Cape. Mfugaji ambaye ng'ombe wake anatoa mate na kulia ovyo anaweza kumtia mkono kinywani akidhani amekwamwa na kitu kooni, kwa kuwa jina la ugonjwa halimtaji ng'ombe. Dalili zikishamwanza mtu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo karatasi inaanza na jambo la kufanya: ukiumwa, au mate ya mnyama yakiingia kwenye kidonda, osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Sentensi ya pili ndiyo inayosema kwamba ugonjwa huu, ingawa unaitwa wa mbwa, si wa mbwa peke yake. Ya tatu inawaomba watu wapeleke mbwa wao kuchanjwa, kwa sababu mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa ugonjwa hukosa njia ya kuendelea.

La pili ni homa ya Bonde la Ufa. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha, ikapewa jina la mahali. Tangu hapo imesafiri. Mwaka 2010 ilienea Free State na majimbo mengine ya Afrika Kusini. Mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007 iliipiga kaskazini mashariki mwa Kenya, kisha Tanzania. Mwenye bucha mmoja wa Fordsburg alikuwa Garissa wakati huo. Anakumbuka mvua zisizokatika, mbu, mbuzi wakitupa mimba, na serikali kupiga marufuku uchinjaji.

"Kwenye redio wanasema Bonde la Ufa, Bonde la Ufa," alituambia. "Sisi tuko Garissa, hakuna bonde. Tukasema hiyo ni ya wenyewe huko."

Jina hatuwezi kulibadilisha. Lakini baada ya maneno yake kaka wa nyati aliandika mwanzo mpya: "Ugonjwa huu unaweza kutokea popote penye mvua nyingi na mbu." Kisha anaeleza kwamba mtu huambukizwa kwa kuumwa na mbu na pia kwa kushika damu, nyama mbichi au mimba iliyotupwa ya mnyama mgonjwa. Mwenye bucha alitaka lile la damu liandikwe juu kabisa, kwa sababu wanaochinja na kuchuna ndio wa kwanza kupatwa. Liko juu kabisa.

Kuku nao wana jambo lao, dogo lakini la kuudhi. Ugonjwa unaomaliza kuku wa kijiji kwa siku chache, wengine wanauita mdondo na wengine kideri. Dada wa kuku alitaka moja. Mama mmoja anayetupikia mgahawani alimshauri aandike yote mawili: "Mwanangu, kwani wino unanunua kwa neno?" Yameandikwa yote mawili. Karatasi hiyo inafundisha chanjo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na imeandikwa ili isomwe kwa sauti kwenye vikundi vya akina mama, maana kuku wa nyumbani mara nyingi ni mali yao.

Namna tunavyofanya kazi

Kwa wanachama wanaotaka kufanya kazi kama hii, hizi ndizo hatua tulizofikia baada ya Jumamosi saba.

Kwanza, mwenye bango anatueleza utafiti wake kwa mdomo, kwa Kiswahili, bila kusoma. Anapokwama, hapo ndipo penye kazi.

Pili, karatasi inaanza na kile ambacho mfugaji anakiona kwa macho yake: homa, mitoki, choo, kiwele kilichovimba. Jina la kitaalamu linakuja baadaye, kama linahitajika.

Tatu, asilimia zinageuzwa kuwa hesabu ya zizi. Badala ya kusema asilimia 30, tunasema ng'ombe 3 kati ya 10.

Nne, neno "sindano" halisimami peke yake. Watu wengi husema "nimemchoma sindano" kwa chanjo na kwa dawa vilevile. Kwenye karatasi zetu tunaandika: chanjo ni ya mnyama mzima ili asiugue; dawa ni ya mnyama anayeumwa.

Tano, karatasi inasomwa kwa sauti mbele ya mtu ambaye hakuwapo wakati wa kuiandika, kisha anaulizwa: sasa utafanya nini kesho asubuhi? Akishindwa kujibu, karatasi inarudi mezani.

Yaliyobaki

Karatasi nne zimekamilika. Ya maziwa bado, kwa sababu kaka wa maziwa na mtaalamu wake hawajakubaliana namna ya kueleza siku za kusubiri kwa mtu ambaye maziwa ya leo ndiyo ada ya shule ya kesho. Kusema "mwaga" ni rahisi kwa anayenunua maziwa dukani. Sehemu hiyo imeandikwa mara tatu, na ya sasa inamshauri mfugaji amwombe daktari, kabla ya kudunga, dawa yenye siku chache za kusubiri ikiwa ipo, na aweke alama kwenye mguu wa ng'ombe aliyetibiwa ili maziwa yake yasichanganywe na ya wengine.

Lipo jambo jingine. Baadhi ya maboma yaliyotoa damu ni ya Wamaasai, na kwa wazee wao Kiswahili nacho ni lugha ya ugeni. Dada wa kupe amepanga kurekodi karatasi yake kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili, kisha afisa mifugo yule waliyetembea naye aisome kwa Kimaasai, zipelekwe kwa simu. Karatasi yetu haitafika mwisho wa safari, lakini itafika mahali ambapo mwingine anaweza kuipokea.

Matokeo yenyewe hatuyataji humu kabla hayajawasilishwa Arusha. Tunaomba kila msomaji wa jarida hili awaulize wazazi, bibi na babu zake majina ya magonjwa ya mifugo wanayoyajua, dalili zake, na mahali walipoyasikia, atuletee Fordsburg Jumamosi yoyote. Chai ipo.

Maneno ya toleo hili

Josho: mahali ng'ombe anapoogeshwa kwa dawa ya kuua kupe. Wenzetu wengine wa Kenya husema dipu.

Kiwele: sehemu ya ng'ombe, mbuzi au kondoo inayobeba maziwa.

Mtamba: ng'ombe jike kijana ambaye bado hajazaa.

Kucheua: kurudisha majani kinywani na kuyatafuna tena. Ng'ombe akiacha kucheua, mwenyewe huanza kuwa na wasiwasi.

Kutupa mimba: kuzaa kabla ya wakati, kitoto kikiwa kimekufa. Hutumika kwa mnyama.

Kondo la nyuma: kinachotoka tumboni baada ya ndama kuzaliwa. Usikishike kwa mikono mitupu.

Mitoki: tezi zilizovimba. Mzee wa Kondoa anasema ukizigusa chini ya sikio zikiwa ngumu kama limau, usingoje kesho.